Doto, Wameufungua Wimbo Wako

Doto, pacha wangu,

Wimbo wako unapigwa tena redioni. Nalisema hilo kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitapoa, na leo sitaki kupoa.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Mambo yako yalishasomwa sana kwa siri na watu wasiokujua, kwenye ofisi zenye mapazia mazito. Sasa yasomwe na watu waliokunywa uji wa mama.

Wewe unakumbuka, lakini wengine hawajui, kwa hiyo nivumilie nikisimulia kama hukuwepo. Asubuhi ile pale Mkuyuni, kwenye kibanda cha mama sokoni, ulikuwa umetoka kuchota maji, mimi nakanda unga wa chapati, mama anakoroga uji. Tulikuwa tumeambiwa tupishe. Hatukuambiwa lini, wala twende wapi. Greda likaja kabla wateja hawajafika, nyuma yake mgambo na virungu. Dereva alikuwa kijana tu, macho mekundu, amevaa koti la baridi kubwa kuliko mwili wake. Mama akamsogelea hadi kwenye gurudumu akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," akajibu, akimwita mama kwa lugha yao, akiangalia pembeni.

"Umekula?"

Akaitazama sufuria. Mama akasema, "Shuka, kunywa uji kwanza."

Na akashuka. Wewe ndiye uliyempa kikombe, Doto. Alikunywa amesimama, mgambo wanamtazama hawajui wafanye nini, kisha akakirudisha kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri. Mama akapokea akamuuliza, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, nani amekutuma?"

"Mayu, mimi nimeambiwa tu."

"Na aliyekuambia anaitwa nani?"

Akapanda juu ya greda. Alivunja vibanda vya upande wa kule kwanza, cha mama akakiacha mwisho. Alipokifikia aligeuza uso. Mama hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sufuria ya uji miguuni, akaendelea kuwagawia watu waliokuwa wanaokota mabati yao.

Jioni yake ulitoa gitaa. Nilidhani unajituliza tu. Ukaanza na maneno ya mama kama yalivyo, hukuyapamba.

*Kaka wa greda, shuka, kunywa uji kwanza,*
*kazi yako tunaijua, na njaa yako tunaijua.*

Mimi nikaingia kwenye kiitikio bila kuambiwa, kama tulivyokuwa tangu kwaya ya watoto, tukigombana nani achukue sauti ya juu. Ubeti wa tatu uliuandika mwisho kuliko zote, ukiwa umekaa mlangoni kwetu Mkolani, ukamsomea mama kwanza.

*Mwanangu, nani amekutuma?*
*Greda halina macho, wewe unayo.*
*Aliyekutuma ana jina na ana nyumba,*
*nitajie jina lake nikamsalimie.*

Mama alisema, "Ndivyo nilivyomuuliza." Ukaenda studio.

Watu walisema umekuwa maarufu. Nakumbuka zaidi siku tuliyovuka kwenda Kamanga kumwona shangazi. Kwenye feri, bodaboda mmoja alikuwa ameufungulia kwenye simu yake, na wanawake wenye matenga ya nyanya wakaitikia, halafu mwalimu mmoja aliyevaa tai, halafu karibu kila mtu. Hakuna aliyejua kuwa mwenye wimbo amesimama pale pale kwenye reli, na kofia imemfunika macho. Nilikubana mbavu. Ukaniambia, "Kaa kimya, wasije wakaacha." Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, ingawa siku hiyo ulicheza hadi ukachana suruali.

Kisha tukaitwa kwenye ofisi ya wanaokagua nyimbo.

Ofisa wa pale nisimtaje jina. Alitupokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuagizia soda. Kiyoyozi kilikuwa kikali, mikono yangu ikawa ya baridi kama samaki. Akasema wimbo ni mzuri, hata watoto wake wanauimba.

"Tatizo ni ubeti wa tatu, mdogo wangu. Una uchochezi."

Ukamjibu kwa adabu, "Mzee, ule ni swali tu. Mama yetu aliuliza."

"Ndiyo, ni swali. Lakini maswali yana utaratibu wake."

"Utaratibu wake ni upi, ili mama aufuate?"

Akacheka, akakuangalia kama mtu anayekuonea huruma. "Uondoe tu huo ubeti. Weka kitu cha kujenga. Hapo hakuna mtu atakayekusumbua."

Tulitoka na soda zetu hatujamaliza. Siku chache baadaye wimbo ukanyamaza. Karatasi niliyoiona mimi ilisema usipigwe hadi ufanyiwe marekebisho. Sauti nzima ya mji huu ilizimwa kwa sentensi moja, na mji ukaendelea kunywa chai.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, Doto, na ninyi wengine mnaosoma someni vizuri. Ofisa alifanya kazi aliyotumwa, kama dereva wa greda. Lakini yule mtangazaji aliyekuwa anakuita "ndugu yangu wa damu" hewani, aliyekuja kwetu akala ugali na sato, siku ile alitangaza kama vile hukuwahi kuzaliwa. Ulimpigia. Akasema, "Doto, nina familia." Kana kwamba wewe ulishuka kutoka mbinguni bila mama. Mwenye ukumbi wa Mkolani, uliyemjazia watu mwaka mzima, alikwambia ana leseni ya kulinda. Jirani yetu, mgambo walipompitia kwa sababu ya kuufungulia dukani, alianza kusema kwamba na wewe ulizidi. Ulizidi nini? Mama alimpa mtu uji akamuuliza swali. Ukazidi nini hapo?

Na wewe pia nimekukasirikia, nisikudanganye. Nimekukasirikia kwa sababu ulikuwa unawaelewa. "Ana familia, Kulwa." "Ana leseni, Kulwa." Ulikuwa unawatetea hao watu huku umekaa kitandani mchana, gitaa limening'inia ukutani. Nilitamani uvunje kitu, hata sahani. Ungevunja sahani ningekusaidia kuvunja nyingine.

Ulijaribu kuubadilisha. Wanaodhani ulikuwa mkaidi wajue hilo. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, ukakaa sebuleni ukaanza kutafuta maneno ya kujenga. Asante kwa barabara, asante kwa mipango, kitu kama hicho. Yalikaa vizuri kabisa kwenye mdundo, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama alikuwa jikoni anachambua mboga. Akasema kutoka kule kule, "Hivyo sikumwambia."

Ukacheka. Ukaweka gitaa chini. Hukujaribu tena.

Ukaenda mwaloni, kule ziwani wanakoshusha samaki, kuanika dagaa. Ulisema jua ni zuri, watu ni wazuri. Nilikuja siku moja na chakula chako, nikakuta wanawake wanageuza dagaa huku wanavuma wimbo wako puani, bila maneno, mdomo umefungwa. Wewe umeinama unafanya kazi kama huusikii. Msimamizi akaja akawaambia waache, mwenye mitumbwi hataki matatizo. Wakaacha. Hata kuvuma, Doto. Walifika mahali pa kukataza watu wasivume.

Ulipougua, daktari alisema ni figo, na sina sababu ya kumbishia. Sisemi waliokufungia wimbo ndio waliokuua. Nimelipima neno hilo na sitalisema. Nasema walikunyang'anya kazi yako ukiwa mzima, wakakuacha uishi ukiwa mtu anayejulikana kwa alichokatazwa. Hospitalini nesi mmoja alikutambua, akakuinamia akakuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe ndiye wa uji?" Ukaitikia kwa kichwa. Akaangalia mlangoni kabla hajatabasamu. Nilitaka kuinuka nikamuuliza anamwogopa nani mle wodini, wakati hakuna mtu ila wagonjwa na mimi.

Ofisa alikuja msibani na shada la maua. Alipewa kipaza sauti, akasema nchi imepoteza msanii mzalendo. Baba mdogo alinishika mkono kwa nguvu, sijui aliona nini usoni kwangu. Nilikaa kwa sababu yako, na kwa sababu mama alikuwa anahitaji bega.

Sasa haya ndiyo mapya.

Mwezi uliopita yule ofisa aliniita tena. Ofisi ile ile, ila safari hii hakuagiza soda. Akasema kuna tamasha kubwa pale ufukweni, wageni wanakuja, na viongozi wameona wimbo wako ni urithi wa Mwanza. Urithi, Doto. Wameufungua. Wamempa binti mmoja mwenye sauti nzuri aurekodi upya, na wanataka mimi nisimame naye jukwaani kwenye kiitikio.

"Na ubeti wa tatu?" nikamuuliza.

"Hapo tumeacha gitaa peke yake. Imekaa vizuri sana, utapenda."

"Mmeomba ruhusa kwa nani?"

"Kwa familia. Ndiyo maana nimekuita, dada."

"Basi familia imekataa."

Akafunga faili lake taratibu. "Nimekuita kukujulisha tu. Wimbo utapigwa."

Hapo nilifanya kitu ambacho sikukipanga. Niliinuka, nikasimama mlangoni, nikamuuliza kama mama alivyouliza, kwa adabu ile ile, "Kaka, nani amekutuma?" Alinikodolea macho. Kwa muda mfupi nilimwona yule dereva, ameshika kikombe hajui atazame wapi. Kisha akainua simu, akajifanya kuna mtu anamsubiri. Nikatoka.

Sikwenda kwenye tamasha. Nilikaa na mama sokoni, kwenye meza aliyopewa huku nyuma, mahali ambapo wateja hawapiti isipokuwa wamepotea. Lakini walifunga spika kwenye gari, wakalizungusha mjini likirusha tamasha moja kwa moja kutoka jukwaani, likasimama Mkuyuni mbele yetu kabisa. Binti akaanza kuimba. Anaimba vizuri, simlaumu, naye ameambiwa tu. Watu wakaitikia kiitikio, wengine walikuwa hawajakisikia hadharani tangu kifungiwe, na niliona mama muuza vitunguu akijifuta macho kwa kona ya khanga.

Ukafika ubeti wa tatu. Gitaa likabaki peke yake, sehemu tupu, imesafishwa.

Mama alikuwa anamwaga uji kwenye kikombe cha mteja. Hakuinua kichwa. Akasema tu, kwa sauti yake ya kila siku, wala hakuimba, "Mwanangu, nani amekutuma?"

Muuza vitunguu akaendeleza, "Greda halina macho, wewe unayo." Halafu fundi cherehani. Halafu wale wa samaki wa kukaanga, kisha safu nzima, maneno yote yalikaa pale palipoachwa wazi, mstari kwa mstari, kana kwamba waliosafisha walikuwa wametuandalia nafasi. Dereva wa gari la spika alichungulia dirishani, akaangalia mbele, akaangalia tena nyuma. Hakuzima. Sijui kwa nini hakuzima.

Najua ungependa niishie hapo. Ungeniambia, "Umeona, Kulwa? Wameimba." Nimeona. Lakini sitaki mtu asome hili akafarijika akaenda kulala. Sokoni waliimba, na wewe hukuwepo. Waliimba ubeti ambao ungeweza kuuimba mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa miaka yote ile uliyokuwa unageuza dagaa juani. Wale waliokukatia ubeti hawajakuomba radhi, na wamekuandika kwenye tangazo lao kwa herufi kubwa, na jina wamelikosea. Wameandika Dotto, na t mbili. Hata hilo hawakuuliza.

Siku mbili baadaye yule mtangazaji alinipigia. Anaandaa kipindi maalumu kuhusu maisha yako, anataka kumbukumbu nzuri nzuri. Nilimwambia ninayo moja: siku uliyompigia akasema ana familia. Akasema hiyo haitapita. Nikamwambia basi hatuna kipindi.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, meno mawili yameng'oka, lakini anasimama kwenye jiko lake. Watoto wangu wanaliulizia gitaa lako. Mkubwa amejifunza nyuzi chache na anapiga vibaya kama ulivyoanza wewe. Simkatazi. Namwambia tu akiandika kitu aniletee nikisome, na sitampunguzia neno.

Jumamosi nimealikwa harusi Kamanga, kwa watu wa shangazi. Wameniomba niimbe. Mwenye vyombo amenipigia mara mbili kuuliza nitaimba toleo gani, na nimesikia woga kwenye sauti yake. Nimemwambia toleo ni moja. Kama anaogopa, abaki na vyombo vyake, mimi sauti ninayo, na sauti ya juu, ile tuliyokuwa tunagombania, sasa ni yangu, hata kama sikuitaka kwa njia hii.

Pumzika wewe, kaka yangu. Hasira niachie mimi.

Pacha wako,
Kulwa