Ubao wa Kipimo Ulioenda Nawe

Barasa, ndugu yangu,

Ameanguka. Nilitaka ulijue hilo hata kabla ya salamu. Yule msimamizi wetu wa atachi, yale mafunzo ya kazini ya chuo, kule Kitale, tuliyempa jina Gambuti kwa sababu buti zake za mpira zilikaa safi chini ya meza muda wote tuliokuwa naye, amefukuzwa kazi, na mimi ndiye niliyemchimbia shimo. Nimefurahi. Mchungaji akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo.

Ila kwanza nikuombe radhi, maana siku tuliyokuzika Kimilili nilikusaliti. Unajua kwetu lazima mtu asimame mbele ya waombolezaji aeleze kifo kilivyokuja. Akasimama Gambuti. Akasema ulikwenda mtoni bila kutumwa, ati ulikuwa kijana mzuri ila mkaidi. Mama yako aliinamisha kichwa pale alipoketi, akaona haya kwa ajili yako. Nami ukweli nilikuwa nao. Asubuhi ile nilikuwa meza ya pili nikichora ramani ya chemchemi, mvua ikipiga mabati, ulipomwambia mto umefurika na ukingo unamomonyoka. Hakuinua hata macho. "Kijana, ni kusoma namba tu," alisema. Ukachukua daftari, ukatoka. Na mimi makaburini nilinyamaza, kwa sababu alikuwa hajatia sahihi kitabu changu cha atachi, na bila sahihi yake chuo kisingenipitisha. Niliogopa karatasi, Barasa. Nimelia sana juu ya hilo.

Unakumbuka tulivyoucheka mwanzoni ule ubao wa kipimo uliosimikwa mtoni? Mradi mzima wa kulinda ziwa, na kazi yetu ni kwenda darajani asubuhi na jioni kutazama maji yamefika namba gani. Mama Naliaka, anayeteka maji pale, alikutania kwamba umesoma mpaka chuo ili uje kuangalia mbao. Wewe ukamweleza jinsi udongo wa mashamba yao unavyoshuka na mto hadi ule mto mkubwa wa Nzoia, na kutoka Nzoia hadi ziwani, mpaka akawa anakuwekea mahindi ya kuchemsha. Siku moja ya mvua nilisema tuandike tu namba ya jana. Hukunisemesha mpaka saa ya chakula.

Ubao ulienda nawe. Wewe tulikupata kesho yake kwenye matete. Ubao wenyewe haukuonekana tena. Niliporudi ofisini, nikafungua kitabu cha vipimo nikaona mto bado unasomwa, asubuhi na jioni, kila siku, kwa mwandiko wa Gambuti. Alikuwa anajaza akiwa kitini. Darajani hakuwahi kukanyaga, kwa hivyo hakujua kwamba hapakuwa tena na kitu cha kusoma.

Sikumwambia. Zile namba nilimchapia vizuri kwenye kompyuta, nikamchorea na grafu. Nikawa namletea chai. Akatia sahihi kitabu changu, akanisifu mbele ya wengine kwamba nina adabu.

Mkutano ukaitwa Bungoma. Wakaja wakubwa wa mradi, machifu na wakulima, na Mama Naliaka nilimwandikisha mimi mwenyewe kwenye orodha. Gambuti akaonyesha grafu yangu ukutani, akieleza jinsi mto ulivyotulia baada ya mafuriko. Nikainua mkono, nikauliza kwa upole namba hizo zilisomwa wapi. Akajibu pale pale darajani. Mama Naliaka akainuka, akakaza leso yake kiunoni.

"Bwana, ule ubao si ulibebwa na maji pamoja na yule kijana? Sasa wewe ulikuwa unasoma nini?"

Gambuti akageuka, akatazama grafu kana kwamba itamsaidia. Ndipo nikasimama nikasema niliyopaswa kuyasema Kimilili, kwamba ulimwonya na bado akakutuma.

Barua ya mradi ilisomwa nyumbani kwenu, mbele ya wale wale waliokuja matangani. Inasema ulitumwa kazini na ulifia kazini. Mama yako aliinua kichwa, akaomba isomwe tena. Wiki iliyofuata Gambuti akaja na wazee wa kanisa kuomba msamaha. Mama yako akampa chai, akamsamehe, kisha akanishika mkono. "Mwanangu, wacha sasa iishe." Nilimwitikia kwa heshima. Chai yangu sikuigusa.

Haijaisha. Nimesikia amepata nafasi kwenye mradi mwingine wa maji, na atapewa wanafunzi wa kusimamia. Mama yako akijua ninachotaka kufanya ataumia, na nitambembeleza, lakini nitakifanya. Labda roho yangu imeharibika. Basi na iharibike. Ninakuahidi kwamba popote atakapowekewa kijana wa atachi chini yake, habari zako zitafika kabla yeye hajavuta kiti, na sitachoka.

Pumzika, ndugu yangu. Nimepata anwani ya ofisi yake mpya. Nikimaliza kuifunga barua yako, naanza yao.

Ni mimi,
Nasimiyu