Rondeli ya pikipiki ya Pasta

Siku ya tano ya juma, mangaribi

Ile rondeli ilikataa kuwa nyekundu ndani ya moto, na mi nikazani makala ya jiko njo mabaya.

Marehemu baba alinifundisha kule Uvira: ukibadilisha mafuta ya pikipiki, rondeli, ile pete ndogo inazuia mafuta kwa bulo ya chini, usiitupe. Uichome mpaka iwe nyekundu, itafunga tena kama mupya. Leo nilifanya vile kwa pikipiki ya Pasta. Pasta akaenda nayo, akarudi akiisukuma toka barabara ya Lilongwe, mafuta imevuja yote, kiatu kimelowa. Asante Mungu, moteri haikukufa.

Rondeli ilikuwa ya aliminiyo, na ile inaharibika kwa moto mbele ya kuwa nyekundu. Baba alijua shaba tu.

Pasta hakugomba. Aliniuliza: "Mwanangu, nani alikufundishaka hivi?"

Nikaangalia chini. "Mi mwenyewe, Pasta."