Bakuli la Samaki wa Buluu

Jumatatu, 9 Julai 2007

Nimekubali. Keshokutwa nakwenda hospitali kutolewa damu, ila jina litakuwa la dada Meizhu. Kapata kazi ya ualimu mjini — kawashinda wote! — lakini hawampi mkataba mpaka apimwe homa ya ini, ile B. Anayo tangu shule ya msingi, walipopimwa darasa zima. Akipimwa yeye, kazi imekwenda. Mimi sijawahi kupimwa. Nina afya ya punda, nani anipime?

Kwenye picha ya kitambulisho tunafanana, ukiacha pua.

"Kaza uso tu, Suqin," kaniambia. "Wakikuuliza, sema umekonda kwa mitihani."

"Na pua?"

"Pua nani anaiangalia, mpumbavu wewe!"

Mama anajua mpango wetu. Kachemsha mizizi ya dawa ya dada, jikoni hapakaliki kwa harufu. Miaka yote anamnywesha. Hivi inafanya nini huko tumboni? Nimeonja kwa ncha ya kijiti cha kulia. Sirudii!

Jumatano, 11 Julai

Imepita. Nesi hakuniangalia usoni, kaangalia mshipa tu. Foleni nzima ni vijana wanaotafuta kazi. Nikajiuliza, wangapi humu wamekuja kwa jina la mtu? Mmoja mbele yangu aliitwa mara ya pili ndipo akakumbuka kwamba ni yeye. Nusura nicheke.

Jioni uji wa viazi vitamu, na chaza waliokaangwa na mayai. Mimi na Mama tunachota sahani moja kwa vijiti vyetu. Dada anapakuliwa kando, kwenye bakuli lake lenye samaki wa buluu, na vijiti vyake vimefungwa uzi mwekundu. Tukimaliza, Mama analimwagia lile bakuli maji yanayotokota. Leo nimeangalia yote haya kama mgeni. Dada hainui hata macho.

Jumatatu, 16 Julai

Ninayo.

Yaani MIMI!

Dada ndiye aliyefuata majibu. Karudi, kakaa kizingitini, kaanza kucheka. Nikadhani kazi kapata. "Suqin, umeniwakilisha sawasawa!" Kisha akalia. Kazi imekwenda. Na mimi nimesimama tu na ganda la lichi mkononi.

Naogopa, sana. Lakini swali linanisumbua kuliko hofu: nimeitoa wapi? Lile bakuli sijawahi kuligusa, Mama angenikata mkono. Tumemwambia kazi kapewa mwingine. Hili la pili bado.

Alhamisi, 19 Julai

Tumekwenda jijini Fuzhou, kwa daktari asiyetujua. Safari hii kila mtu kwa jina lake. Daktari Weng, mama mtu mzima, nywele fupi. Nimemuuliza maswali mpaka akaweka kalamu chini.

"Bakuli linaambukiza?"

"Bakuli? Bakuli halina kosa, mwanangu. Hii inakaa kwenye damu. Kwa kula pamoja hamwambukizani."

Dada kabadilika rangi. "Hata vijiti?"

"Hata vijiti."

Na mizizi? Aiache leo hii, mingine inaumiza ini lenyewe. Tumetolewa damu tena wote wawili. Njiani nilimnunulia dada supu ya vitonge vya samaki, akala kwenye bakuli la mgahawa kama watu wote, polepole.

Jumanne, 24 Julai

Majibu. Dada ini lake limetulia — hana haja ya dawa, apimwe tu kila miezi sita. Punda ndiye mgonjwa! Virusi wamejaa, ini limevimba, na mimi sikuhisi lolote. Kidonge kila siku, pengine miaka. Nisiache kwa akili yangu hata nikijiona mzima, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo.

"Mbona tofauti, na tumezaliwa nyumba moja?"

Daktari kalipenda swali. Kasema virusi hulala, kisha mwili huamka kupigana nao, kila mtu kwa wakati wake. Halafu na yeye akauliza la kwake: "Mama yenu amepimwa?"

Tukatazamana.

Kasema watoto wengi huipata kwa mama, wakati wa kuzaliwa. Mama anachoka ovyo? Viganja vyake vyekundu? Aje haraka.

Viganja! Siku zote nilidhani ni maji ya moto. Ya kuunguzia bakuli la dada.

Jumatano, 25 Julai

Naandika hapahapa mezani, uji unapoa. Dada kamwambia Mama. Nilitegemea atamrushia maneno, miaka yote hiyo ya kutengwa, lakini kasema taratibu, yote: mimi, yeye, bakuli, daktari.

"Mimi?" kasema Mama. "Mimi siumwi."

Kisha kageuza viganja, kaviangalia. Kaenda jikoni. Tukasikia maji yakichemka.

Karudi, kaweka sahani moja katikati yetu, mimi na dada. Yeye kajipakulia kwenye bakuli la samaki wa buluu, kaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, katugeuzia mgongo.

Dada kainuka. Na vijiti vyake vya uzi mwekundu. Kachuchumaa mbele ya Mama, kachota kiazi cha uji humohumo bakulini, katia mdomoni.

"Mama, kesho twende Fuzhou sote."

Mama kashikilia bakuli kwa mikono miwili, anamwangalia anavyotafuna.