Herufi Mbili za Jina la Moraa

Minnesota, Jumapili

Dada yangu Moraa,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mguu wa mama unaendeleaje? Na mgongo wako, umepoa ama bado unachuma chai ukiwa umejipinda? Mimi nipo. Siumwi, ila nimechoka, ule uchovu ambao mtu anaamka nao na kuubeba kazini pamoja na chakula.

Kazi ni ileile ya ghala la vyombo chakavu vya umeme. Wenyewe wanatupa, sisi tunafungua skrubu. Nilikuja nikidhani nitatengeneza kompyuta. Kumbe nitakuwa mpasuaji wa maiti zake.

Mwezi uliopita ililetwa moja kuukuu, sawa kabisa na ile baba yetu, tata wetu, Mungu amrehemu, aliyopewa alipostaafu ualimu. Disketi yake ilikuwa na programu ileile ya kuandikia aliyotumia tata. Asili yake ni ya mashine kubwa za vyuo vikuu. Kuna mtu aliyeiunda upya ili ikubali kukaa kwenye kompyuta ndogo za kwanza.

"Tupa hiyo," msimamizi akaniambia.

"Niachie saa ya chakula tu, bosi."

"Nyakundi, wewe unapenda takataka."

"Si ndiyo maana uliniajiri?"

Nilikuwa na shida moja tu, dada. Uliponipigia kuhusu kikao cha ukoo huko nyumbani Ekerenyo, ulisema baba mdogo Omwenga alisoma karatasi ya tata ya kugawa shamba, na jina lako halimo. Chini ya mstari wangu, "Nyakundi, chai ya barabarani", kuna mwingine: "raa, chai ya mtoni". Akauliza, "Raa ni nani? Ameolewa wapi huyo?" Watu wakacheka. Kisha wakakubaliana kwamba tata aliteleza vidole, mstari ule nao ni wangu, na wewe uliyerudi kutoka kwa mume utoke kwenye chai hiyo.

Sasa sikiliza. Katika programu ile, ukibonyeza herufi haiandiki. Lazima kwanza ubonyeze i, ndipo inakubali maneno. Ukisahau, kila herufi ni amri. M kubwa inakurudisha katikati ya ukurasa. Herufi o inafungua mstari mpya hapo chini, na kuanzia hapo inaandika. Basi andika Moraa bila ile i: M inakuhamisha, o inafungua mstari, kinachobaki ni "raa". Nimejaribu mara tano, mkate mkononi. Mara tano imekuandika hivyohivyo.

Tata alikuwa na mtoto wa jicho, na alichapa akiangalia vidole kama anayechuma majani mawili na chipukizi. Skrini hakuiona. Alikuandika wa mwisho, nadhani baada ya kuitoa kwenye kuandika na kupumzika kidogo, akasahau kuibonyeza tena ile i, akachapisha, akatia sahihi. Hakukusahau wewe.

Nikuambie na la aibu. Haya niliyajua wiki tatu zilizopita, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshajenga nyumba pale mtoni, kichwani, hata veranda nimeiweka ikitazama maji. Mtu akichoka huku anahitaji mahali pa kurudi, hata pa kuwaza tu. Kila siku nilijiambia nitaandika Jumapili. Hizo Jumapili zimeisha.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kikao hakisikilizi simu. Wasomee hii kwa sauti: Mimi Nyakundi, mwana wa kiume wa pekee wa marehemu, nasema chai ya mtoni si yangu. Ni ya dada yangu Moraa, na baba yetu alimwandika. Mwenye shaka atafute programu aliyoandikia tata, aandike Moraa mwenyewe bila kubonyeza i kwanza.

Msalimie mama, umwambie nakula. Msalimie Kemunto kitinda mimba wetu, na mama mdogo anayemkandia mama mguu. Baba mdogo pia, kwa heshima zote, maana bado ni mzee wetu.

Ukishawasomea, kesho yake asubuhi usisubiri majibu ya mtu. Chukua kikapu, ushuke mtoni ukachume.

Ni mimi ndugu yako,
Nyakundi, wa chai ya barabarani tu.