Kovu Lililozama Kwenye Mwanga

Sumbawanga

Mama yangu, shikamoo.

Kuna sauti imekaa ndani yangu tangu mwezi uliopita: ukucha ukigonga kioo cha televisheni. Nitakueleza, lakini kwanza niambie magoti yako yanaendeleaje, na kama Baba ameacha kulala na redio kifuani. Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku inauma hata jua likiwa limewaka, na upepo wa Ufipa haupumziki. Mwenye nyumba wangu na wanawe wanaongea Kifipa jikoni; nikiingia wanageukia Kiswahili kwa adabu, na mazungumzo yanaishia hapo. Kazini navaa hedifoni kutwa. Nasikia watu wa harusi wakitaniana sikioni mwangu kabisa, na hakuna anayesema na mimi. Ndiyo maana nilikuwa naisubiri sana likizo ya kuja nyumbani niliyokuahidi.

Sasa ile sauti. Tulimrekodi bibi harusi mmoja, Oliva, kanisani hapa mjini. Mama yake anaishi Chala na miguu haimbebi tena, kwa hiyo hakuja. Kamera yetu mpya ina picha kali ajabu, lakini haijui uso wa mtu. Ndani ya kioo cha kuchungulia hutokea mistari kama ya pundamilia penye mwanga uliozidi. Ukiiona usoni mwa mtu, unafunga lenzi kidogo mwanga upungue. Bosi wangu, Kaka Deo, ana amri yake: fungua mpaka pundamilia watembee kwenye paji la bibi harusi, maana wateja wanataka ang'ae. Siku hiyo alikaa kwenye monita akisema, "Fungua. Ongeza tena." Nikaongeza.

Tulipopeleka diski Chala, ndugu walijaa sebuleni na vigelegele. Mama Oliva akajivuta kwenye mkeka mpaka mbele ya televisheni, akagonga kioo kwa ukucha, tik, tik, juu ya uso wa mwanawe.

"Huyu ni nani?"

Wakacheka. "Mama, si Oliva huyo?"

"Oliva ana kovu juu ya jicho. Aliangukia jiwe la kusagia. Huyu hata nyusi hana."

Kovu lilikuwa limezama kwenye mwanga, na mwanga ukishaunguza picha hakuna mashine ya kuirudisha. Oliva sasa anakaa Matai kwa mumewe. Ana mimba kubwa, amekatazwa safari. Mama yake naye hawezi kupanda gari. Nilirudi na uso wa yule mama mpaka chumbani kwangu.

Nikamwomba Kaka Deo kamera nikamrekodi Oliva upya. Akacheka. "Sista, wewe fundi au mkwe wao? Chukua. Ila siku hizo ni za likizo yako, siyo zangu."

Matai nilijifunika kanga pamoja na kamera ili jua lisinidanganye kwenye kioo. Wifi yake Oliva akauliza, "Fundi, unaatamia mayai humo?" Nikafunga lenzi taratibu mpaka pundamilia wakatoka usoni, wakabaki kwenye ukuta wa chokaa tu. Oliva alikuwa amejipaka poda. Nikamwomba anawe.

"Na hili kovu?"

"Ndilo nimelifuata."

Akaitazama lenzi, akaongea na mama yake kwa Kifipa, muda mrefu. Sikuelewa mengi. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kutamka "mama", nikalazimika kukaza macho ili picha isipotee.

Juzi nimeipeleka Chala. Mama Oliva alitazama mpaka mwisho, akaomba irudiwe, kisha akawaambia watu watoke nje.

Nisalimie Baba. Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi wa kwaya; mwambie gauni lake nalivaa Jumapili chini ya sweta.

Siku za likizo zilizobaki, Mama, hazitoshi kufika nyumbani Korogwe na kugeuza, na Kaka Deo hatanipa nyingine mwaka huu. Siti yangu ya basi nimeshamwachia mwalimu mmoja anayekwenda Morogoro kumwona mtoto wake. Usinitandikie kitanda, na kaka yangu asije kunipokea stendi.

Mwanao,
Neema