Spika Mlangoni pa Chumba cha Kulala

Nyamusi shika simu!! Nimetoka sasa hivi kwa sherehe ya Persis na Omwenga, miaka hamsini ya ndoa. Dada yangu aliolewa na bure kabisa.

Omwenga amesimama mbele ya watu, eti mwaka wa 1976 yeye ndiye alikuwa wa kwanza Suneka kupiga santuri kwa spika nne. Eti mama mkwe alifurahi. ALIFURAHI!!

Wewe ulikuwa Mombasa, mimi nilikuwepo. Sebule yao ilikuwa imepinda kama kiwiko, spika ya nne ikakosa kona. Huyo fundi wa kujiita akaiweka mlangoni pa chumba cha kulala. Mlango ukawa haufungiki!

Mama akaja na ndizi zake, Omwenga akamketisha katikati eti sauti imzunguke. Mama kuinua macho, akaona kitanda. Kitanda cha mkwe wake, Nyamusi, mwiko ule mkubwa wa kwetu! Akajifunika uso kwa leso, akatoka bila kunywa chai. Na Omwenga nyuma yake anaita, "Mama ngoja, nageuza santuri upande wa pili!"

Sasa leo alipomaliza kujisifu, Persis akachukua maikrofoni. Akasema polepole, "Mama hakuingia tena nyumbani mwangu mpaka akafa."

Mimi machozi.

Na huyo mwanamume akamwinamia kumnong'oneza, hata hajui maikrofoni bado inashika. Tukasikia sote:

"Lakini sauti ilikuwa safi."