Mama Mkwe Aliitazama Pikipiki Bila Kusema Mashallah

Mpendwa Bi Kuluthum, assalaam aleikum. Nimekwama, mamangu, naomba unitoe, na naomba sana jina langu usilitaje kwa sababu hapa Mtopanga kila mtu anasoma safu yako, hata wale wanaoapa kwamba hawaisomi.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, nina mke anaitwa Jalila, tuko mwaka wa nne wa ndoa na tuna mtoto mmoja wa kike, na kazi yangu ni bodaboda, steji yangu iko Kongowea, nabeba watu na nabeba magunia ya vitunguu na viazi, na pikipiki ni yangu mwenyewe, si ya tajiri, nilivumilia miaka mitatu nikiendesha ya mtu mpaka nikapata yangu, nyekundu, ya mia na hamsini, na wallahi Bi Kuluthum sijaona pikipiki ya kuifikia ile kutoka Kisauni mpaka Mtwapa, kila asubuhi naifuta kwa kitambaa chake maalumu ambacho Jalila haruhusiwi kukigusa, halafu naipiga picha naiweka WhatsApp watu waione.

Sasa mwezi uliopita, Jumapili, tulikuwa twaenda Likoni kumtazama mama mkwe, Bi Mwanatabu, nami nikataka pikipiki ifike ikiwa imekamilika, nikaiosha, nikatia magurudumu upepo, nikamwaga oili ya injini kwa sababu ilikuwa imeshakuwa nyeusi kama lami, na kwa bahati nzuri rafiki yangu Anwar, ambaye ni dereva wa tajiri mmoja kule Nyali, alikuwa amenipa kidumu cha oili iliyobaki ya gari la bosi wake, oili ya watu wenye pesa zao, nyepesi, yang'ara kama asali, basi nikaitia yote, nikavaa kanzu, Jalila akapanda na mtoto, tukaondoka.

Tulipofika mama mkwe akatoka barazani, akaitazama ile pikipiki kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma, akasema, "Pikipiki yenu nzuri, inawapendeza." Mimi nikasubiri aseme mashallah, neno la kuzuia jicho la husuda. Hakusema, Bi Kuluthum! Aliuliza kama tumekula. Sikumkumbusha, kwa sababu ni mkwe wangu na namheshimu.

Jioni yake tukirudi, tumeshuka feri twapanda ule mlima wa kutokea upande wa kisiwani, injini ikaanza kulia, nikaongeza moto, ikazidi kulia, kelele ya kufika Changamwe, lakini pikipiki yenyewe haiendi, yatambaa tu, mpaka tukapitwa na mtu anayesukuma mkokoteni wa madafu akaniuliza kama nataka anifunge kamba. Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo, nikiwa peke yangu njia ya tambarare yaenda, nikipakia gunia au nikipanda mwinuko wowote injini yapiga kelele na gurudumu halina habari, wateja wananikimbia, mama mmoja wa viazi anaitwa Nyambura aliteremka katikati ya barabara akasema afadhali atembee. Nilikwenda kwa fundi Gona hapa mtaani, kitu cha kwanza akaniuliza nimetia oili gani, nikamwambia mimi nina shida ya jicho wewe waniuliza habari za oili, nikamwacha hapo, kwa sababu mafundi hawa wanatafuta tu sababu ya kufungua injini za watu.

Ndipo nikamwambia Jalila mambo yote, kwamba dawa ya jicho yajulikana, mamake atawadhe, yale maji ya udhu yakingwe kwenye beseni, niletewe nioshee pikipiki. Akasema, "Nikamwambie mamangu ana jicho baya?" Nikamwambia ndiyo, na kama maji hayaji nawe usije. Akamchukua mtoto akavuka feri, leo ni siku ya kumi na mbili, na mtaa wao wote umeshasikia sababu.

Maji yalikuja. Aliyaleta mjomba wake Jalila ndani ya chupa ya soda ya lita mbili, nikamkaribisha akakataa kuketi, akaiweka chupa mlangoni akasema, "Haya, maji yako hayo," akaondoka. Nikaiosha pikipiki yote kuanzia usukani, nikasoma ninachokijua, nikaiwasha, nikaenda mpaka mlima ule ule, na ikakataa vile vile. Hapo ndipo nilipojua nimechezewa, Bi Kuluthum, yale yalikuwa maji ya mfereji. Na sasa huyo mjomba amepiga simu kwamba Jumamosi watakuja kuchukua nguo za Jalila.

Maswali yangu ni mawili. Je, naweza kumdai mama mkwe maji mengine, na safari hii nisimame mwenyewe nimwone akitawadha? Ama niiuze hii pikipiki hivi hivi ilivyo, bila kumwambia mnunuzi?

Ni mimi, Aliyepigwa Jicho, Mtopanga.

*

Wa aleikum salaam, Aliyepigwa Jicho.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimsomea dadangu, naye akacheka mpaka akamwaga chai. Mara ya tatu nilifika kwenye ile chupa ya soda, na hapo kicheko kikanikatika. Tuanze basi na la kuchekesha, hilo jingine lina zamu yake.

Kwanza hilo la jina. Umeniomba nilifiche lako, nimelificha. La mkeo na la mamake uliyaandika wazi, na mtaa wao, na rangi ya mlango wao juu yake! Majina yanayosomwa hapa nimeyabadilisha mimi, wewe wala hukukumbuka. Kabla sijafika kwenye pikipiki nilikuwa nimeshajua nashughulika na mtu wa namna gani.

Sasa oili. Umeipita mbio mbio, katikati ya upepo wa magurudumu na kanzu, kama mtu aliyevunja kikombe cha watu akakisukuma chini ya kiti. Mimi, mwanangu, nilikaa miaka ishirini na sita na mume mwenye gereji Changamwe, Mungu amrehemu, na nimekula chakula cha mchana kando ya injini nyingi kuliko utakazoziendesha maisha yako. Hebu nisikilize. Gari la yule tajiri wa Nyali klachi yake imekaa mbali, kavu, oili ya injini haiigusi. Klachi ya pikipiki yako imo mle mle ndani, inaoga kwenye oili ile ile ya injini. Na oili za magari ya siku hizi zimetiwa dawa ya kuzidisha utelezi ili gari linywe petroli kidogo. Injini ya bosi yafurahi. Lakini pleti za klachi yako kazi yao ni kushikana ili nguvu ya injini ifike gurudumuni, na wewe umezimwagia utelezi, zitashikana na nini? Ndiyo injini yalia na gurudumu halina habari. Hayo ni maneno yako mwenyewe, uliyaandika bila kuyasikia.

Hilo ndilo jicho lako, yakhe. Lilikuja kwenye kidumu cha Anwar, na aliyelitia ni wewe.

Wala usije ukanisingizia kwamba Bi Kuluthum amesema jicho halipo. Jicho lipo, naliamini, na mambo ya maji ya udhu wako maulamaa wa kuulizwa. Lakini nijibu hili. Kila asubuhi waipiga picha hiyo pikipiki waitandaza WhatsApp. Wameitazama watu wangapi? Wenzako wa steji, majirani, mashemeji, wote hao macho yao ni ya kioo? Husuda ikawaruka wote, ikavuka feri, ikaenda kumngoja mwanamke mmoja Likoni ambaye hamu yake ilikuwa kujua kama mmekula! Na wewe ukizirusha hizo picha, je, uliandika mashallah hata siku moja?

Fundi Gona alikuuliza swali moja, na ndilo lililokuwa la kuulizwa. Ukamwona mwizi. Basi kesho asubuhi uisukume hiyo pikipiki mpaka kwake, kwa miguu, na neno lako la kwanza liwe samahani. Injini ipate joto kidogo, aimwage oili yote, asafishe na chujio. Ununue oili ya pikipiki, si ya gari, si ya jenereta, si ya rafiki. Chupani paandikwe 4T, na kwa nyuma utafute herufi JASO MA au MA2. Ukiona MB uirudishe, hiyo ni ya skuta. Uzito wake ni ule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, nyingi za mia na hamsini huku kwetu kwenye joto hutumia 20W-50, lakini usinisikilize mimi, fungua kitabu usome. Nakijua kitabu hicho, kimo ndani ya nailoni yake tangu siku uliyonunua. Chupa iwe na kifuniko ambacho hakijafunguliwa, kutoka duka ambalo kesho utalikuta. Uendeshe siku mbili tatu bila magunia, kisha umwage tena utie nyingine, maana ile ya gari haitoki yote mara moja. Ikiwa bado yateleza, pleti zimeshaungua, Gona atakutilia mpya na usimbishie.

Na kuiuza bila kumwambia mnunuzi? Wavaa kanzu wataka kudanganya watu? Swali hilo umejijibu mwenyewe ulipoliuliza.

Haya. Pikipiki imekwisha. Tuje kwenye chupa.

Wasema maji yalikuwa ya mfereji. Wajuaje? Kwa sababu klachi haikupona? Mimi naamini yalikuwa ya udhu, na nitakwambia kwa nini. Mama aliyetaka kukudanganya angekutukana tu abaki na heshima yake. Huyu alirudishiwa binti na mjukuu mlangoni, akaambiwa mkweo asema una jicho baya, na mtaa wote ukasikia. Akachukua beseni. Akatawadha, mtu mzima, akakinga maji yaliyopita usoni mwake na miguuni mwake, akayamimina kwenye chupa ya soda na kuifunga kifuniko. Kuyatoa maji yale ni kukubali kwamba anayosemwa ni kweli, na aliyatoa, ili binti yake arudi kwa mumewe. Nawe ukaoshea taa ya nyuma, kisha ukasema hayatoshi, wataka usimame umtazame mkweo akitawadha. Astaghfirullah! Nilitaka kuandika neno jingine hapa, dadangu akanishika mkono.

Na hayo maswali yako. Umeniuliza mawili, la maji na la kuuza. Nilipofika mwisho niliipindua karatasi, nikidhani la tatu liko nyuma. Hakuna. Mkeo yuko ng'ambo siku ya kumi na mbili na mtoto wako, Jumamosi watu wanakuja kuchukua nguo zake, na hukuniuliza afanye nini mtu ili mkewe arudi. Kweli umekaa ukaandika kurasa tatu na hilo halikukujia?

Basi nakujibu bila kuulizwa. Jumamosi usiingoje. Nenda Likoni kesho kutwa, na usiende na pikipiki, watadhani umekuja kuonyesha kwamba imepona. Panda feri kwa miguu kama watu. Mkononi beba kile kidumu cha Anwar, kitupu hivyo hivyo. Ukifika usiingie ndani. Wewe ulimsema mama wa watu mtaa ukasikia, basi na radhi yake iombwe barazani, majirani wakiwepo, na huyo mjomba akiwepo. Weka kidumu chini mbele yake useme, "Mama, jicho lilikuwa hili, na nililitia kwa mkono wangu. Nisamehe." Kisha funga mdomo. Usianze kumweleza habari za klachi, na usimuulize Jalila kama amefungasha. Wakikunyima kiti, simama. Wakikwambia urudi kesho, rudi kesho. Hawana deni la kukusamehe siku hiyo hiyo, na ikifika Jumamosi hajakubali kurudi, nguo zake zikunje wewe mwenyewe, moja moja, kwa adabu.

Lakini ikiwa Jalila atatoka mlangoni na mtoto mkononi, usiulize kitu. Mtazame kuanzia kichwani mpaka miguuni, taratibu, vile vile unavyoitazama hiyo pikipiki yako kila asubuhi, kisha useme mashallah, kwa sauti. Ni mwaka wa nne huu, na kwa barua hii uliyoniandikia, sidhani kama amewahi kulisikia kinywani mwako.